Waliomwua Caesar Hawakuwa Wakombozi

Tarehe 15 Machi, mwaka 44 K.K., Julius Caesar aliuawa kwa majambia mbele ya Baraza la Seneti la Roma. Waliokula njama hiyo walizidi watu 60, wengi wao wakiwa maseneta. Majeraha yaliyohesabiwa mwilini mwake yalikuwa 23. Kazi ilipokwisha, wauaji walitoka nje na majambia yao mikononi, wakawatangazia raia kwamba mdhalimu amekufa na uhuru umerudi. Tangu siku hiyo wamekuwapo watu, na baadhi yao ni wasomi wakubwa, ambao wamelipokea tangazo hilo kana kwamba ndilo hukumu ya historia. Sisi tunasema lilikuwa tangazo la wauaji, na tangazo la muuaji juu ya kazi yake mwenyewe halina budi kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa.

Jambo hili si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Hayati Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri mchezo wa Shakespeare unaohusu mauaji hayo. Tafsiri ya kwanza ilitolewa mwaka 1963, na ile iliyosahihishwa, Juliasi Kaizari, ikatolewa mwaka 1969. Kwa hiyo Brutus ni jina ambalo mwalimu wa shule ya sekondari hahitaji kuelezwa. Lakini mchezo wa kuigiza ni kitu kimoja, na historia ni kitu kingine. Jukwaani tunamwona Brutus mwungwana anayeteswa na dhamiri yake. Hatuambiwi alikuwa akikopesha fedha kwa riba ya namna gani. Tunawaona raia wa Roma kama kundi la wapumbavu linaloyumbishwa na hotuba; hatuambiwi ardhi yao ilikwenda wapi. Mwanafunzi aliyesoma mchezo huo bila historia anaweza kuondoka darasani akiamini kwamba mtu mwenye nia safi na jambia kali anatosha kuiokoa nchi. Imani hiyo ni ya hatari, na ndiyo sababu inafaa kujadiliwa.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatumtetei Caesar. Mwezi Januari mwaka 49 K.K. aliuvuka mto Rubicon pamoja na jeshi lake, kinyume cha sheria, akaitumbukiza nchi yake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Aliposhinda alijilimbikizia madaraka ambayo hayakupata kushikwa na mtu mmoja tangu Warumi walipowafukuza wafalme wao. Mwaka 46 K.K. alipewa udikteta wa miaka kumi. Mwezi Februari mwaka 44 K.K. akawa dikteta wa maisha. Katika nyadhifa nyingi, nusu ya viongozi waliochaguliwa walikuwa watu aliowataja yeye mwenyewe. Ni kweli pia kwamba alitenda mema. Aliwapunguzia wadaiwa mzigo wa madeni, aliwapatia makazi mapya ng'ambo raia wapatao 80,000, na aliamuru kwamba theluthi moja ya wachungaji wa mifugo ya matajiri wawe watu huru badala ya watumwa. Hata hivyo wema wa mtawala haufuti ukweli kwamba ametwaa madaraka yasiyo na mipaka. Kwa hiyo hatuulizi kama Caesar alikuwa na makosa. Tunauliza kama watu wale, kwa sababu zile na kwa njia ile, walikuwa na haki ya kumwua.

Tuanze na sababu. Kosa kubwa kuliko yote katika maisha ya Caesar halikutendeka Roma. Lilitendeka Gaul, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, kati ya mwaka 58 na 50 K.K. Mwandishi wa kale Plutarch anasema kwamba katika vita hivyo watu milioni moja waliuawa, na wengine milioni moja wakatekwa. Hata kama hesabu za watu wa kale zina chumvi, hapana shaka kwamba makabila yaliangamizwa na watu kuuzwa utumwani, na kwamba utajiri uliomwezesha Caesar kujipatia wafuasi Roma ulitokana na damu hiyo. Mwaka 46 K.K. Vercingetorix, aliyewaongoza watu wa Gaul kuipigania nchi yao, alipitishwa katika barabara za Roma kwenye gwaride la ushindi, kisha akauawa.

Wauaji wa Caesar walimshtaki kwa hayo? Hata kidogo. Decimus Brutus, ambaye siku ya mauaji alikwenda nyumbani kwa Caesar kumshawishi afike barazani, alikuwa amiri wa merikebu zake katika vita hivyo vya Gaul. Trebonius, aliyemzuia Antony nje ya ukumbi ili asitoe msaada, alikuwa jemadari wake huko huko. Walishiriki kuwakanyaga watu wa nchi nyingine, na wakapata malipo yao. Udhalimu ulianza kuwachoma pale tu ulipogusa heshima yao wenyewe.

Na huyu Marcus Brutus, ambaye wengi humtaja kuwa mfano wa usafi wa moyo? Katika mchezo wa Shakespeare anajigamba kwamba hawezi kukusanya fedha kwa njia za aibu. Brutus wa historia aliwakopesha watu wa mji wa Salamis, katika kisiwa cha Kupro, kwa riba ya asilimia 48 kwa mwaka. Wakala wake alipewa askari wa farasi, naye akawazingira madiwani wa mji huo ndani ya ukumbi wao wa baraza mpaka watano kati yao wakafa kwa njaa. Habari hizi hazikutungwa na adui. Zimo katika barua za Cicero, rafiki wa Brutus, aliyeyakuta mambo hayo alipokuwa gavana wa jimbo hilo mwaka 51 na 50 K.K., na ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameweka riba ya asilimia 12 kuwa ndiyo kikomo. Wazee wa Salamis walikufa wamefungiwa barazani kwa ajili ya faida ya mtu ambaye, miaka michache baadaye, aliingia katika baraza jingine na jambia, akisema anapigania uhuru. Uhuru wa nani?

Jibu limo katika historia ya tabaka lake. Mwaka 133 K.K. Tiberius Gracchus alishika cheo cha mtetezi wa raia, yaani cheo kilichowekwa ili kuwalinda watu wa chini. Alipitisha sheria ya kuwagawia maskini ardhi ya umma iliyohodhiwa na matajiri. Maseneta wakamsingizia kwamba anautaka ufalme, wakamwua kwa magongo na miguu ya viti pamoja na wafuasi wake wapatao 300, na maiti zao zikatupwa katika mto Tiber. Mwaka 121 K.K. ndugu yake Gaius, aliyeiendeleza kazi hiyo, naye akaangamizwa. Caesar hakuwa Gracchus. Alikuwa jemadari mwenye tamaa, aliyewatumia wanyonge kama ngazi. Lakini mashtaka yaliyotumika yalikuwa yale yale. Kwa makabaila wa Roma, uhuru maana yake ilikuwa uhuru wa familia chache kupokezana vyeo, kugawana majimbo na kuyakamua. Yeyote aliyeuingilia mgawo huo aliitwa mfalme, na aliyekwisha kuitwa mfalme damu yake ikawa halali.

Wanaowatetea wauaji wana hoja ya sheria. Husema kwamba Warumi walikuwa na amri ya kale iliyomruhusu raia kumwua mtu anayetaka kujifanya mfalme, na kwamba Cicero, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka huo huo wa 44 K.K., alikuhesabu kumwua mdhalimu kuwa tendo jema. Hoja hii inaonekana nzito, ila haijibu swali moja: ni nani atakayeamua kwamba fulani ni mdhalimu? Mahakamani mshtakiwa hujitetea, mashahidi huhojiwa, na hakimu si yule aliyeshika kisu. Katika njama, mshtaki, shahidi, hakimu na mnyongaji ni mtu yule yule mmoja. Sheria inayomruhusu kila mtu kuwa yote hayo kwa pamoja imejifuta yenyewe.

Ushahidi wa hatari hiyo haukuishia Roma. Usiku wa tarehe 14 Aprili, 1865, mwigizaji John Wilkes Booth alimpiga risasi Rais Abraham Lincoln wa Marekani. Booth alikuwa mpenzi wa majimbo ya Kusini yaliyopigana ili utumwa udumu, na miezi michache kabla ya hapo alikuwa ameigiza katika mchezo huu huu wa Shakespeare. Alipokuwa akisakwa, aliandika katika kijitabu chake akilalamika kwamba anawindwa kwa tendo lililompatia Brutus heshima. Machoni pa mtetezi wa utumwa, mtu aliyewaachia watumwa huru ndiye aliyekuwa mdhalimu. Joho la Brutus halina kipimo. Humwenea kila muuaji anayelivaa.

Hoja yao ya pili ni kwamba hapakuwa na njia nyingine. Tuichunguze. Mapema mwaka 44 K.K. watetezi wawili wa raia, Marullus na Flavus, waliamuru taji lililowekwa juu ya sanamu ya Caesar liondolewe, na wakawakamata watu waliomshangilia kwa jina la mfalme. Walifanya hivyo hadharani, kwa mamlaka ya cheo chao. Caesar alikasirika, wakavuliwa cheo, na Seneti haikuwaokoa. Lakini raia hawakuwasahau. Katika uchaguzi uliofuata zilionekana kura kadhaa zilizowataja wawili hao kuwa makonsuli, yaani wakuu wa dola. Hapo ndipo palipokuwa na mbegu ya upinzani wa haki: upinzani wa wazi, wenye kutumia sheria, na wenye kuungwa mkono na umma. Hatudai kwamba mbegu hiyo ingeota kwa hakika. Tunalosema ni kwamba wakubwa wa Seneti walioacha wawili hao waangushwe hawana haki ya kutuambia kwamba njia zote zilikuwa zimefungwa.

Tena Seneti yenyewe ndiyo iliyompa Caesar udikteta wa maisha. Ndiyo iliyompa kiti cha dhahabu, na sanamu miongoni mwa sanamu za miungu, na mwezi mzima wa kuitwa kwa jina lake. Wazee wetu walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu waliomsifu mgema mpaka akaliharibu tembo ndio waliomchoma kisu kwa kosa la kuliharibu. Isitoshe, maseneta walikuwa wamekula kiapo cha kuulinda uhai wake, naye akawaondoa walinzi wake. Brutus na Cassius walikuwa wamepigana upande wa Pompey, wakashindwa mwaka 48 K.K., wakasamehewa na Caesar, wakapewa vyeo. Siku ya mauaji Tillius Cimber alijifanya anamwombea ndugu yake aliyekuwa uhamishoni, na wenziwe wakasogea kana kwamba wanaliunga mkono ombi hilo. Ombi la rehema ndilo lililotumika kuwa mtego. Mtu mwenye hoja ya haki huisema barazani. Hawa walikuwa barazani tayari, na haki ya kusema walikuwa nayo. Wakachagua kuficha majambia ndani ya nguo zao.

Jambo linalowaangusha kabisa lilitokea siku mbili baadaye. Tarehe 17 Machi Seneti ilikutana kuamua la kufanya. Kama Caesar alikuwa mdhalimu, basi amri zake zilikuwa batili, na vyeo alivyovitoa vilikuwa batili pia. Lakini Brutus na Cassius walikuwa mahakimu wakuu kwa hisani yake. Decimus Brutus alikuwa amekwisha kupangiwa jimbo la kutawala, na ukonsuli wa mwaka 42 K.K. Kuzifuta amri za Caesar kungekuwa kujifuta wenyewe. Kwa hiyo ikapitishwa kwamba wauaji wasishtakiwe, na kwamba amri zote za Caesar ziendelee kuwa halali. Maana yake ni kwamba mdhalimu alikufa, udhalimu ukabaki, na waliomwua wakabaki na fungu lao. Cicero, ambaye aliyashangilia mauaji, hakukawia kulalamika juu ya jambo hilo hilo katika barua zake.

Kwa umma hawakuwa na mpango wowote. Hawakusema neno juu ya ardhi, wala madeni, wala majeshi yaliyowatii majemadari badala ya kuitii dola, ilhali hayo ndiyo yaliyomzaa Caesar. Wosia wake uliposomwa, ilijulikana kwamba amemwachia kila raia wa mji sesterti 300, na bustani zake za ng'ambo ya Tiber ziwe mali ya watu wote. Raia wakalinganisha zawadi hiyo na maneno matupu ya wakombozi wao. Siku ya mazishi hasira ililipuka, na Helvius Cinna, rafiki wa Caesar, akauawa na kundi la watu kwa sababu tu jina lake lilifanana na la adui mmoja wa Caesar. Baada yake walifuata maelfu. Mwezi Novemba mwaka 43 K.K. Antony, Octavian na Lepidus waliunda utawala wa watu watatu, wakabandika orodha za watu wa kuuawa. Mwandishi wa kale Appian anataja maseneta wapatao 300, na watu wapatao 2,000 wa daraja la matajiri lililofuata. Cicero aliuawa tarehe 7 Desemba mwaka huo, na kichwa chake na mikono yake vikatundikwa kwenye jukwaa ambalo alizoea kutoa hotuba zake.

Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Nyasi za vita hivi zilikuwa watu wa nchi za mashariki, ambao hawakuwa na sauti katika ugomvi wa Roma. Ili kuyalipa majeshi yake, Cassius aliupora mji wa Rhodes, akautoza mji wa Tarsus talanta 1,500, na katika Uyahudi akawauza utumwani wakazi wa miji minne iliyochelewa kulipa. Brutus aliuzingira mji wa Xanthus mpaka ukateketea, na watu wake wengi wakajiua kuliko kutekwa naye. Kisha akapiga sarafu. Upande mmoja aliweka majambia mawili na katikati yake kofia anayovishwa mtumwa aliyeachiwa huru; upande wa pili aliweka sura yake mwenyewe, kama Caesar alivyofanya kabla ya kuuawa. Watu wa ile miji minne ya Uyahudi wangeitazamaje kofia ile?

Mwezi Oktoba mwaka 42 K.K. Brutus na Cassius walishindwa huko Philippi, wakajiua. Vita viliendelea mpaka Octavian alipomshinda Antony huko Actium mwaka 31 K.K., na mwaka 27 K.K. mshindi huyo akapewa jina la Augustus. Kuanzia hapo Roma ilitawaliwa na mtu mmoja baada ya mwingine kwa mamia ya miaka. Majambia yale yaliyosemwa kwamba yamemwondoa Caesar mmoja yaliiletea dunia Makaisari wengi.

Je, tunasema basi kwamba mnyonge hana haki ya kumpinga anayemwonea? La hasha. Mwaka 73 K.K. Spartacus na watumwa wenzake walitoroka Capua, wakapigana na majeshi ya Roma mpaka mwaka 71 K.K. Waliposhindwa, 6,000 kati yao walisulubiwa kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma. Hakuna mwenye haki ya kuwauliza kwa nini hawakupeleka malalamiko yao barazani, kwani sheria ya Roma iliwahesabu kuwa mali. Walijipigania wenyewe, uso kwa uso, dhidi ya mfumo mzima uliowamiliki. Baina ya watu hao na maseneta wenye majambia pana umbali wa mbingu na ardhi. Anayeinua silaha dhidi ya mtawala hana budi kuonyesha kwamba kila mlango umefungwa, kwamba anawapigania wale hasa wanaoonewa, na kwamba anajua kesho yake atajenga nini. Waliomwua Caesar walishindwa katika yote matatu.

Kwa hiyo mwalimu anayesimama mbele ya darasa na Juliasi Kaizari mkononi asiishie kuwauliza wanafunzi kama Brutus alikuwa mwungwana. Awaulize pia watu wa Salamis wangemwitaje. Naye mtumishi wa umma, anayekaa katika vikao na kuandika maazimio, ajifunze kwa Marullus na Flavus kuliko kwa Brutus. Dikteta wa maisha hakuzuka kwa siku moja. Alijengwa kwa azimio moja baada ya jingine, na waliomjenga ni watu walioujua ubaya wa jambo hilo, lakini wakaridhia, huyu kwa hofu na yule kwa tamaa. Wakati wa kuiokoa jamhuri ulikuwa ule wa kupitisha maazimio hayo. Mkono ulioinuliwa ili kumpa mtu madaraka yasiyo na mipaka hauwezi kujitakasa baadaye kwa kushika jambia.